Kiti Kimoja Juu ya Karatasi Nyeupe

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu mabango ya filamu na tamthilia yanayochorwa kwa vitu vichache: rangi moja au mbili, umbo moja, jina la kazi, basi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia, na baadhi yake zilikuwa na hasira kidogo. Nimechagua tano. Waandishi wawili waliomba majina yao yasitajwe, nami kwa kutenda haki nimeyaacha yote.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni kijana ninayejifunza ubunifu wa michoro hapa Tanga. Nilipewa kazi ya kuchora bango la filamu fupi inayomhusu mjane anayedhulumiwa nyumba na shemeji zake. Nikachora kiti kimoja cheusi juu ya karatasi nyeupe, na jina la filamu chini yake. Mtayarishaji akalitazama, kisha akaniuliza, "Na bango lenyewe liko wapi?" Je, asiyeelewa ni yeye au ni mimi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Huenda jibu langu lisikupendeze, kwa maana naona mtayarishaji alikuwa na haki ya kulikataa, ingawa sababu aliyokupa siyo. Ubaya wa bango lako hauko katika uchache wa vitu. Uko katika kile kiti. Kiti kinaweza kuwa cha mwalimu, cha kinyozi, cha mgonjwa anayesubiri daktari, au cha rais aliyepinduliwa. Ulianza kupunguza kabla hujachagua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kijana mmoja wa Ujerumani, Lucian Bernhard, aliingia shindano la kuchora bango la viberiti vya Priester mjini Berlin. Inasimuliwa kwamba mchoro wake wa kwanza ulikuwa na meza, kitambaa cha meza, sigara ikiwaka kwenye kisahani cha majivu, na wasichana wakicheza ndani ya moshi, na pembeni viberiti vyenyewe. Rafiki yake alipouona alidhani ni tangazo zuri la sigara. Bernhard akafuta sigara, akafuta moshi na wasichana wake, akaiondoa hata meza, mpaka zikabaki njiti mbili kubwa na neno Priester. Akashinda. Jambo ninalotaka uliangalie ni kwamba alijua tangu awali kitu ambacho hawezi kukifuta, maana bila njiti tangazo la viberiti halipo. Sasa jiulize: ukikifuta kile kiti chako, filamu ya mjane inapoteza nini?

Mtu aliyeuhamisha ufundi huu hadi kwenye sinema kwa nguvu kuliko wengine ni Saul Bass, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1920. Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger alimpa kazi ya filamu *The Man with the Golden Arm*, ambayo Frank Sinatra anaigiza ndani yake mgawa karata wa kamari aliyetopea katika dawa za kulevya. Bass alichora mkono mweusi. Ukiutazama kwa karibu utaona kwamba si mkono mzuri hata kidogo: umepinda kama tawi lililovunjika, vidole vimekakamaa, na kingo zake zina pembe kali kana kwamba umekatwa haraka kwa mkasi mbele ya macho yako. Hauna mshipa wala kucha. Lakini umebeba mambo matatu kwa pamoja, kwa kuwa ni mkono uliotajwa katika jina la filamu, ni mkono wenye ufundi wa kugawa karata, na ni mkono unaoingizwa sindano. Mtu angejaribu kuweka chupa, karata au uso wa majonzi mahali pake, angepata moja tu kati ya hayo matatu.

Mimi huwaambia wanafunzi kwamba bango la namna hii ni ndugu wa kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango": maneno manne, na jibu ni yai, wala halikubali kuwa chungu au mtungi, kwa sababu vyote hivyo vina mdomo. Kitendawili kikikubali majibu kumi kimeharibika. Tena tofauti yake na bango ni moja, nayo ni kali: mtu akishindwa kitendawili hukupa mji ili umwambie jibu, lakini mpita njia aliyeshindwa na bango hakupi chochote, anapita zake.

Rudi kwenye filamu yako, uitazame tena ukiwa na kalamu, uandike kila kitu kinachoshikwa kwa mikono na mjane au na shemeji zake. Sijaiona, lakini kama ni mambo ya kudhulumiana nyumba, sitashangaa ikiwa mahali fulani kuna kufuli. Kufuli jipya linalong'aa, limefungwa juu ya mlango uliochakaa ambao rangi yake inabanduka, lingeniambia mimi nisiyejua lolote kwamba kuna mtu amefungiwa nje ya mahali alipopazoea. Kiti hakikuniambia hivyo.

Swali: Assalaam aleikum, bwana mwandishi. Hapa Mombasa tumezoea mabango yaliyojaa nyuso: stelingi katikati, adui juu yake, msichana kando, gari linawaka moto chini. Wengine wanatucheka kwa hilo. Mbona hata Marekani, kwenye fedha zote, mabango mengi yamejaa nyuso vilevile na majina yasiyosomeka? Nani basi anayechora haya mabango matupu munayoyasifu?

Jibu: Waaleikum salaam, bwana. Wanaowacheka wanakosea, na nitaeleza kwa nini. Bango la biashara ni mali ya watu wengi kabla halijawa la mchoraji. Huko Hollywood mkataba wa mwigizaji hutaja kama jina lake litatokea, litatangulia lipi na kufuata lipi, na mara nyingi ukubwa wake ukilinganishwa na jina la filamu. Umewahi kujiuliza kwa nini yale majina ya chini huandikwa kwa herufi ndefu, nyembamba, zilizobanana kama abiria wa daladala? Ni kwa sababu kipimo hufuata urefu wa herufi, basi wachapaji wakauacha urefu na kuuminya upana. Hata Bass hakuponea hapo: mabango yaliyosambazwa ya ile filamu ya 1955 yana mkono katikati, lakini yapo pia yaliyowekwa picha za Sinatra, Eleanor Parker na Kim Novak katika vijisanduku kuuzunguka, kwa sababu ukishamlipa nyota huwezi kumficha.

Mahali ambapo mchoraji aliachwa huru kweli ni Poland, na uhuru huo ulitoka mahali ambapo hukutarajia. Baada ya Vita Kuu ya Pili usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa serikali, kupitia shirika la Film Polski. Wachoraji kama Henryk Tomaszewski na Eryk Lipiński walikubali kazi ya mabango kwa sharti kwamba watachora watakavyo, bila kulazimishwa kubandika picha za nyota. Shirika halikuwa na mshindani wa kumwogopa, na ukumbi ungejaa hata bango lisingetaja mwigizaji. Siwezi kuusifu mfumo uliobana watu katika mengine mengi, ila katika kona hii ndogo ulimwachia mtu karatasi yake. Mwaka 1968 kikafunguliwa huko Wilanów, Warsaw, jumba la makumbusho la mabango peke yake.

Kazi moja ya huko sichoki kuirudia, nayo ni ya Wiktor Górka ya mwaka 1973, kwa ajili ya filamu *Cabaret* ya Marekani. Hadithi yenyewe inatokea Berlin wakati Wanazi wanajipenyeza kidogo kidogo huku watu wakistarehe katika ukumbi wa dansi. Górka alichukua miguu ya wanenguaji, yenye soksi ndefu na viatu vya jukwaani, akaipanga ikizunguka kitovu kimoja. Jicho la kwanza linaona miguu na linafurahi. Jicho la pili linagundua kwamba miguu hiyo, kwa jinsi ilivyokunjwa magotini, ni swastika, ile alama ya Wanazi. Muda unaopita kati ya jicho la kwanza na la pili ndio filamu yenyewe: watu wa Berlin nao walikuwa wakitazama miguu.

Ama mabango yetu ya nyuso, yalizaliwa na soko lake. Mnunuzi aliyesimama mbele ya meza ya DVD Kariakoo, mwenye fedha ya kanda moja na haraka ya daladala, alitaka kujua jambo moja tu: nani yumo? Uso ulimjibu. Huko Ghana, tangu miaka ya 1980, wachoraji walipaka mabango ya filamu kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, kwa ajili ya wenye video waliokuwa wakizunguka vijijini na jenereta, na baadhi waliongeza nyoka na damu ambavyo mtazamaji hakuviona ndani ya filamu. Leo magunia hayo yanauzwa kwa watoza sanaa wa Ulaya na Marekani. Bango lililojaa linaweza kuwa bango bora. Lisilofaa ni lile lililojaa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuchagua.

Swali: Mimi ni mpenzi wa tamthilia, naandika kutoka Dodoma. Mtandaoni nimeona mabango yaliyochorwa na mashabiki, yenye kofia na miwani tu, au tone moja la rangi, na mimi huyatambua papo hapo na kufurahi. Lakini mume wangu, ambaye hatazami tamthilia, haoni chochote. Je, hayo ni mabango mazuri au tunajidanganya sisi tunaojua?

Jibu: Dada yangu, swali lako ndilo lililonifanya nikubali kuandika safu hii mwezi huu. Wewe na mumeo mko sawa wote wawili, kwa kuwa mnatazama vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Kuna bango la mwaliko na kuna bango la kumbukumbu.

Chukua *Breaking Bad*, iliyoonyeshwa kuanzia 2008 hadi 2013, kuhusu mwalimu wa kemia anayegeuka kuwa mtengenezaji wa dawa za kulevya. Mashabiki huichora kwa kofia nyeusi, miwani na kidevu chenye ndevu. Kwako wewe kofia hiyo ina uzito, kwa sababu mwalimu hakuanza nayo. Aliivaa alipojipa jina la pili, Heisenberg, na kila alipoivaa ulijua kwamba mtu yule mpole hayupo tena. Kwa mumeo ni kofia. Sasa tazama watengenezaji wenyewe walitumia nini kuwaalika watu katika msimu wa kwanza: mtu mzima amesimama jangwani, ana shati na bastola, hana suruali. Hapo hata mumeo atauliza, "Huyu imekuwaje?" Swali hilo ndilo tiketi.

Wimbi la mabango ya kumbukumbu kwa tamthilia lilivuma sana karibu mwaka 2010, pale mbunifu wa Austria, Albert Exergian, alipotoa mfululizo wa mabango ya vipindi vya televisheni, kila kimoja kwa maumbo machache bapa na jina lake. Wengi wakamwiga, na kama ilivyo kawaida ya kuiga, wakachukua ubapa na kuuacha ufikirio. Kuna mabango ya mashabiki ambayo ni kitendawili kilichotegwa kwa mtu aliyekwisha kuambiwa jibu. Yanapendeza ukutani sebuleni. Yakibandikwa mlangoni pa ukumbi hayamwingizi mtu.

Tamthilia ina ugumu wake ambao filamu haina: hadithi ya saa mbili inaweza kukusanyika katika kitu kimoja, lakini hadithi ya misimu mitano hubadilika, wahusika hufa, mwema akawa mbaya. Nionavyo mimi, usitafute tukio, tafuta kitu kinachobadilishwa maana na hadithi huku chenyewe kikibaki vilevile. Kofia ile ni mfano mzuri. Mwaliko na kumbukumbu vinaweza pia kukutana, ingawa ni nadra. Bango la *Alien* la mwaka 1979 lina giza tupu, yai lililopasuka, na mwanga wa kijani unaovuja kwenye ufa, pamoja na sentensi moja isemayo kwamba angani hakuna atakayesikia ukipiga ukelele. Aliyeitazama filamu atakwambia kwamba yai lile halifanani na mayai ya ndani ya filamu, linakaribia kuwa la kuku. Halikuhitaji kufanana. Nyumba isiyo na mlango imepata mlango, na kila mtu, ameona au hajaona, anaogopa kitakachotoka.

Swali: Nina duka la fremu Mwanza. Vijana wanashusha mabango haya ya mashabiki kutoka mtandaoni, tunachapa, tunaweka kioo, tunauza. Nimeambiwa tukibadilisha rangi kidogo hakuna tatizo. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, mama. Mchoro una mwenyewe hata kama ni duara na mstari, na kubadili rangi hakukufanyi uwe mchoraji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili ya maswali ya aina hii. Tena mabango hayo yana tabaka mbili za wenyewe: aliyechora, na mwenye filamu. Kampuni ya Mondo ya Austin, Texas, iliyojulikana kwa kuuza mabango ya aina hii kwa idadi ndogo, ilifanya hivyo kwa vibali vya wenye filamu. Ndiyo iliyotoa mwaka 2010 mabango ya *Star Wars* ya Mwingereza Olly Moss, ambapo kichwa cha roboti C-3PO kimebeba jangwa zima ndani yake. Ushauri wangu ni mmoja: waite hao vijana wachore mabango ya filamu za hapa nyumbani kwa makubaliano na watayarishaji. Mtayarishaji wa Mwanza unampata kwa simu.

Swali: Mimi ni mchapaji wa Unguja. Wateja wanaleta mabango ya namna hii wakidhani ni rahisi kuchapa kwa kuwa "hayana kitu". Kila mara yanarudi na malalamiko. Na wabunifu nao wanalalamika kwamba wateja hawataki kulipa. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, pole, maana wewe ndiye unayelaumiwa kwa kosa la kila mtu. Bango lenye gari linalowaka moto husamehe: vumbi likidondoka kwenye wino, nani ataliona kati ya cheche? Uwanja mtupu wa rangi moja hausamehi. Chembe moja inaonekana kama jicho, mistari ya kichwa cha printa inajichora toka upande hadi upande, na mkunjo wa karatasi unakuwa ndio mchoro mkuu. Weusi uliowekwa wino mweusi peke yake hutoka kijivu kama sufuria iliyosuguliwa, kwa hiyo mbunifu na auongezee rangi nyingine chini yake, baada ya kukuuliza mashine yako inahimili kiasi gani. Na kama bango litakaa juani, mwonye mapema kuhusu nyekundu. Sote tumeona mabango ya zamani barabarani yaliyobaki buluu tupu: nyekundu na njano zimekwisha kuondoka. Mbunifu aliyeegemeza hadithi yote juu ya tone moja jekundu atabaki na karatasi.

Kabla ya kuchapa, lipunguze hadi likae chini ya kidole gumba. Bango la kumbi za Marekani lina inchi 27 kwa 40, lakini siku hizi mtu hulikuta kwanza kwenye simu, dogo kuliko stempu. Jambo hili halikuanza na simu. Saul Bass alipomchorea mwongozaji Stanley Kubrick bango la filamu *The Shining*, iliyotoka mwaka 1980, alimpelekea mchoro baada ya mchoro, na Kubrick akairudisha ikiwa na maoni yake kwa mkono: juu ya mchoro mmoja alisema jina linaonekana vibaya likiwa dogo, juu ya mwingine kwamba unafanana na wa filamu za sayansi ya kubuni, na katika mwingine akaona vitu visivyohusika. Bass wakati huo alikuwa na miaka karibu 60 na jina duniani kote, naye akarudi mezani.

Kuhusu malipo, nimeshasikia yale maneno, "Duara moja tu, bei hiyo?" Wabunifu hujibu kwa hotuba kuhusu sanaa, na hotuba haijawahi kumlegeza mteja wa Darajani. Waambie waende na bahasha yenye ile michoro kumi na minane waliyoikataa wenyewe, waipange juu ya kaunta yako mmoja mmoja, na duara liwe la mwisho. Mwache mteja achague. Akichagua mwingine, mchapie huo, na alipie bei ileile.